Nyongeza kwa Simu ya Upepo

“Hiyo ni nyingi mno,” ilisema sauti ya Bariadi. “Shuka kidogo. Ova.”

Masunga alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kikombe cha uji wa moto.

“Siwezi kushuka, meneja. Ghala lote la Lingeka nalilinda peke yangu. Tangu soko huria lije, sukari imepanda mara ngapi? Mshahara wangu umekaa palepale. Ova.”

“Hata huku sukari imepanda.” Sauti ikakohoa. “Umekula leo? Ova.”

“Nimekula. Ova.”

“Basi tutaendelea kesho.”

Mkewe, Kabula, alikuwa mlangoni akichambua kunde. “Siku zote ni kesho, baba Elina.”

“Anabisha,” Masunga alisema, na uso wake ulikuwa na furaha. “Angekubali siku ya kwanza ningejua ananidanganya. Uliona wapi mtu asiye na ng’ombe akibishana juu ya mahari? Anayebisha anacho.”

Kabula alirudi kwenye kunde zake. Ng’ombe waliomuoa yeye walibishaniwa tangu asubuhi mpaka jua linazama, na walitoka wote.

Ushirika ulipokufa, ilikuja kampuni ya watu wa mbali, ikachukua maghala na kufungua ofisi Bariadi. Pamba ya mwaka wake wa pili ilikuwa kidogo, ununuzi ukafungwa mapema. Karani Joakim akapakia mizani kwenye gari, akamwachia Masunga funguo, betri na simu ya upepo.

“Mshahara wa miezi isiyo na pamba utalipwa wote pamoja mvua zikianza, kama mwaka jana,” alimwambia. “Ukiwa na neno, liseme Bariadi. Lakini uongee kwa heshima. Kule kipaza sauti anakishika meneja tu.”

Na meneja mwenyewe alikuwa mwema. Masunga hakuwahi kumwona, lakini alimpenda. Bwana huyo alikumbuka jina la binti yao Elina, akauliza kama homa imepungua. Alimfundisha kuziba chini ya mlango wa bati kwa gunia, maana upepo wa usiku huingia magotini. Ukiita alfajiri, yupo. Ukiita Jumapili, yupo.

“Huyu bwana hana kwao?” Kabula aliuliza.

“Ni mchapakazi.”

Betri ikiisha nguvu, mama Violeth wa mashine ya kusaga aliichaji bure. “Ukiongezwa mshahara utaninunulia soda,” alimwambia. “Usiponinunulia, nitajua umekuwa tajiri.”

Kilichombana Masunga ni jembe. Alikuwa na maksai mmoja, na shemeji yake Malimi alikuwa na mmoja. Wakiwaunganisha, wanalima mashamba yote mawili. Wakiwatenga, kila mtu ana maksai wa kutazama.

“Shemeji, mawingu yale pale,” Malimi alikuja kumwambia. “Acha kulinda popo, twende tukalime.”

“Nikiondoka kabla ya kulipwa, nimepoteza kiangazi chote.”

“Nami nikikungoja nitapoteza mvua. Shigela ana maksai, ameshaniuliza.”

“Nipe mpaka Jumamosi.”

“Mvua haijui Jumamosi, shemeji.” Lakini alingoja. Alingoja hata Jumapili mpaka watu wakatoka kanisani.

Ijumaa, siku moja kabla ya ahadi hiyo, Masunga aliita Bariadi, akaeleza yote: maksai, Malimi, mawingu. “Kama nyongeza haipo, niambie leo, meneja. Sitakulaumu. Nitafunga mlango nikalime. Ova.”

Simu ilikoroma. Kabula aliacha kunde zake.

“Nitakupa nusu ya ulichoomba,” sauti ilisema mwishowe. “Zaidi ya hapo usiniombe. Ova.”

“Weka na gunia la mahindi, meneja. Ova.”

“Wewe ni mgumu. Nusu gunia. Ova.”

“Nusu gunia,” Masunga alisema, akacheka mpaka akasahau kusema ova.

Jumatatu mvua ikanyesha. Malimi akapita na maksai wake amefungwa nira moja na wa Shigela. Ndiye aliyewahi kusalimia.

“Mwangaluka, shemeji.”

“Mwangaluka,” Masunga alijibu, wala hakuumia. Mkulima mwenye mshahara huweza kununua chakula.

Mahindi ya Malimi yakafika magotini. Shamba la Masunga likaota majani. Kabula akaanza kupika mara moja kwa siku, na siku nyingine Malimi alileta unga, akauacha nyuma ya nyumba bila kupiga hodi.

“Meneja, mvua zimeanza zamani,” Masunga alisema asubuhi moja. “Nakuja mwenyewe kufuata mshahara. Ova.”

Sauti ikakohoa.

“Barabara imeharibika,” sauti ilisema. “Usijisumbue. Ova.”

“Nitapanda lori la ng’ombe. Ova.”

Kule Bariadi, Masunga hakukuta kibao cha kampuni. Aliitambua ofisi kwa mlingoti na waya uliopanda juu ya bati. Alivua kofia, akakung’uta matope, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi nusu. Hakuna aliyemsikia, maana ndani mtu alikuwa anaongea, na sauti ilikuwa ile ile.

Hapakuwa na meza wala kiti. Hata rafu zilikuwa zimeng’olewa ukutani. Chini, kando ya betri, alikaa mzee mmoja aliyevaa koti la mlinzi kama la Masunga, limechanika viwiko, na rungu lake mapajani.

“Ghala la Nkololo, hapo siwezi kufika,” mzee alisema kwenye kipaza sauti. “Lakini usizime kwanza, mwanangu. Bishana kidogo. Ova.”