Shibiri Mbili za Baba

Koni za mashindano ya ubao wa magurudumu zilikwisha kupangwa mteremkoni, na ubao mpya wa Somoe bado haukuwa na magurudumu. Ule aliotengenezewa na baba yake uliibwa jana.

“Baba, ulisema toka ekseli ya magurudumu ya mbele hadi ya nyuma ni shibiri zako mbili,” alisema, amepiga magoti na penseli mkononi. “Yangu ni fupi. Nikipimia hii, ubao utanirusha kwenye koni ya kwanza tu.”

Tangu apatwe na kiharusi, mikono ya baba yake ilikuwa ngumi mbili. Somoe aliweka mmoja juu ya ubao, akajaribu kukunjua kidole kimoja kimoja.

“Kunjua, Baba. Nakuomba.”

Kipaza sauti kiliita jina la Somoe mara ya pili. Kidole gumba kikanyooka. Kisha mkono ukafumba ngumi tena, safari hii na penseli ya Somoe ndani, ncha ikigusa ubao pale ekseli ilipotakiwa kukaa.