Nimonia ya Eleuterio

Teksi zetu za Mazatlán ni za wazi, hazina hata milango, ndiyo maana tunaziita nimonia. Tangu marehemu mume wangu, Eleuterio, alipougua akaiuza yake, nilikataa kupanda nyingine yoyote. Leo nilitaka kwenda kuogelea, magoti yakanishinda njiani, nikasimamisha moja.

Nilipokaa, vidole viligusa kiraka kitini, kimeshonwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Mshono wangu mwenyewe.

"Funika kifua, bibi," dereva akasema. "Hii haikuitwa nimonia bure."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Mzee aliyeniuzia. Akasema, siku mwanamke akikuuliza hivyo, mzungushe ufuo mzima, taratibu."

Nilivuta shali mpaka kidevuni.

"Sasa wewe unangoja nini?"