Uzi wa Subiani

"Mwanao ana subiani, Swafiya. Akidungwa sindano tu, jini huyo anaondoka na roho yake."

Mwenzake wa chumbani, mama wa Mombasa aliyemzalisha kwa siri, alikuwa amemfunika mtoto kaniki na kumfukiza mvuje. Ilikuwa saa saba mchana, na dirisha la chumba chao cha mtaa wa Naif, huku kwa Waarabu, walikuwa wamelifunga ili majirani wasisikie.

Chini ya kaniki, mtoto alikakamaa kwa mara ya tatu. Swafiya akapenyeza mkono, akaushika mguu wake. Ulikuwa wa moto kama pasi. Kwenye kifundo, uzi mweusi wa hirizi ulikuwa umeanza kukata nyama.

"Nampeleka hospitali."

"Watakuuliza cheti cha ndoa, mwanangu. Huna. Watakufunga, na mtoto watakunyang'anya."

Hapo Swafiya akaelewa kwa nini siku mbili nzima alikuwa ameliamini neno ambalo kwao Malindi alikuwa akilicheka. Subiani haulizi baba ni nani.

Akamfunua mtoto. Akaukata ule uzi kwa meno.

"Atamchukua, wallahi!"

"Basi na anifuate huko huko."

Hospitalini hakukuwa na foleni. Karani alimtazama mtoto mara moja tu, akaita, na wauguzi wakaja mbio wakampokea. Kisha akavuta fomu, akashika kalamu.

"Jina la baba?"

Swafiya akafungua mdomo. Kipande cha ule uzi mweusi kilikuwa bado juu ya ulimi wake.