Wakikupigia, Sema Kweli

"Wakikupigia, wifi, sema kweli tu," alisema mke wa kaka yake, huku akivuta ncha yake ya shuka. Walikuwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, wanakunja shuka, mmoja huku na mwingine kule.

Mama Pasi, ndivyo walivyomwita pale, alivuta ncha yake ya upande wa pili kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Roho ilimuuma. Hoteli mpya inatafuta wafuaji, mshahara mnono, na huyu wifi mtu kaenda kimyakimya kuchapisha CV. Halafu kamwandika yeye mdhamini, apigiwe simu amwage sifa. Kwani yeye mikono hana?

CV yenyewe alikuwa ameisoma. Safi, imepangika, picha imekaa vizuri. Ila kila mstari ni sisi: tulisimamia zamu ya asubuhi, tulikomesha upotevu wa nguo.

"Wenzako wanajisifu wao," alimbeza. "Wewe unasifu ukoo mzima."

"Ndivyo ilivyokuwa, wifi." Yule alicheka. "Hebu nikumbushe, wewe ulianza kazi hapa mwaka gani?"

"Wa nini?"

"Basi tu."

Hata mama yake mzazi siku hizi alikuwa na wimbo mmoja: mkwe wangu ana akili, mkwe wangu ana adabu, mkwe wangu atafika mbali. Afike mbali, na bintiye abaki hapa na mvuke. Haya.

Simu iliita pasi ikiwa mkononi. Alikuwa mwanamke wa hotelini, mpole wa sauti. Mwombaji wao anafanyaje kazi? Anaelewana na wenzake?

Mama Pasi alichungulia dirishani. Wifi yake alikuwa nje, anaanika.

"Nikwambie kweli, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mvivu. Halafu ana mdomo. Mimi namvumilia kwa ajili ya kaka yangu tu. Kufanya naye kazi ni adhabu, simtakii mtu."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikiandika. Mama Pasi akajisikia mwepesi, mara ya kwanza tangu aione ile CV.

"Asante kwa kusema kweli," alisema yule mwanamke. "Umetusaidia sana. Maana yeye alituandikia kwenye barua ya maombi kwamba haji peke yake. Tuwachukue nyote wawili, yeye na wewe, au tumwache."