Gurudumu la Kilo Tisini

Gervas aligeuza ufunguo, akavuta kufuli kuhakikisha, kisha akarudi uani kwenye ringi ya baiskeli aliyokuwa akiisuka. Nyuma ya nondo za dirisha alibaki binti yake, Editha.

“Baba, mie nitaoza humu.”

“Oza tu. Bora uozee kwa baba yako.”

Sababu ya kufuli ni kijana Brightson. Alikuja na baiskeli ya milimani, gurudumu la nyuma limepinda, akataka asukiwe jipya. Editha akamchekea. Kesho yake kijana akaja tena bila sababu, Editha akamchekea tena. Tangu hapo majirani wakasema gereza la Segerea limehamia Vingunguti.

“Shikamoo fundi. Nataka gurudumu la kubebea mzigo,” kijana alikuwa amesema.

“Marahaba. Mzigo gani?”

“Kilo tisini. Na mashimo ya huku si unayajua.”

Kazi ni kazi. Gervas alichagua spoku nene, akazipishanisha mara tatu ili kila moja iegemee mwenzake. Mkewe Rosalia, mwanamke wa mwili mkubwa, alimshikia ringi kimya. Katika nyumba ile kusema ilikuwa kazi ya mume. Hata msiba wa mama yake kule Masasi aliulilia jikoni, kwa kuwa Gervas hakutaka mke wake akalale kwa watu. Ndugu zake nao hawakuwahi kuvuka geti lile. Iliuma, na ilimuuma peke yake.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” Gervas alimwambia, akionyesha dirishani kwa spana. “Mchunge mwanao.”

“Namchunga, baba Editha.”

Gurudumu likaisha. Gervas alikuwa na sharti moja ambalo mafundi wenzake walilicheka: gurudumu haliuzwi mpaka mteja abebe mtu kwenye keria ya nyuma, hadi machinjioni na kurudi, fundi akisikiliza barabarani kama spoku zinalia. Siku zote aliyepanda ni Editha.

Brightson akatupa jicho dirishani. Gervas akaliona jicho hilo, akacheka moyoni. Mjinga hakuwa yeye.

“Mama Editha, leo panda wewe.”

Rosalia akajifuta mikono kwenye kanga, akapanda nyuma ya Brightson. Geti likafunguliwa. Baiskeli ikaingia shimo la kwanza, la pili, spoku hazikulia hata moja. Gervas alisimama barabarani akijivunia kazi ya mikono yake mpaka walipokata kona.

Akasubiri. Jua likahama upande wa barabara. Alilaani mashimo, akalaani pancha, mwisho akaanza kuogopa.

“Baba,” Editha aliita kutoka ndani, kilio na kicheko vikigombania sauti yake. “Nifungulie nikupikie. Yule ni mtoto wa mjomba, alimfuata shangazi yake.”