Nondo wa Wakesho

Mtoto akizaliwa, serikali humkabidhi aina moja ya kiumbe. Aina hiyo ikitoweka duniani, jina la mtoto hufutwa, na ni marufuku kulitamka tena.

Wakesho alipewa nondo mdogo kama ukucha, wa rangi ya jivu, mwenye tone la manjano kwenye kila bawa. Zamani nondo huyo alienea toka Voi hadi Taveta. Sasa amebaki kwenye tuta moja la mgagani, nyuma ya jiko la Mghoi, mamake Wakesho. Nondo huyo hana kinywa. Huishi siku nne tu, hutaga mayai chini ya majani ya mgagani huo, kisha hufa.

Waliotaga mwaka huu walikufa Jumatatu. Jumatano Mghoi alirudi kutoka kisimani akakuta tuta limechumwa lote, na mama mkwe wake, aliyefika asubuhi hiyo kuwatembelea, akisugua chungu.

"Mtoto amekonda hivi, na mboga zimejaa nyuma ya nyumba!" bibi akamkaripia. "Nimemchemshia kwa maziwa."

"Mama, na nondo?"

"Nimeangalia vizuri, mwanangu. Sikumwona hata mmoja."

Ijumaa mkaguzi wa serikali alipekua vikonyo vilivyobaki, akaandika, akaondoka bila kuaga.

Jioni Mghoi alipakua ugali, akasimama mlangoni kumwita bintiye. Akafungua kinywa. Jirani alikuwa ameinama kwenye ua, anasikiliza.

"We," Mghoi akasema. "We, njoo ule."

Mtoto aliendelea kucheza. Hakujua kwamba anayeitwa ni yeye.