Karatasi Iliyorudi Nyumbani

Jirani yetu Kinyuy anaapa kwamba mama mkwe wangu aliingia chumba cha kura, akasimama weee, kisha akatoka na karatasi yake vilevile. "Hakutia sanduku la kijani la Nijeria wala jeupe la Kameruni! Waingereza wanaondoka, tunaulizwa tujiunge na nchi ipi, yeye anabeba kura nyumbani kama nyama ya matanga!"

Nilimkuta mama jikoni, vumbi jekundu limempanda hadi magotini. Nikampakulia ugali, hakuugusa. Alikuwa anahangaika na fundo la pembe ya nguo yake, pale anapofungia kola, zile mbegu chungu za kutafuna.

"Kinyuy amesema nini?"

"Amesema yake, mama."

"Leo hakuongeza chumvi."

Fundo likafunguka. Ndani mlikuwa na nusu ya kola na ile karatasi, imelowa jasho, imeingia doa la kahawia.

"Nikitia la kijani, nawafungia mlango dada zangu kule Fumban, Kameruni. Nikitia jeupe, namfungia mwanangu anayeuza kola huko Yola, Nijeria. Nimechoka kusimama katikati, mwanangu."

Huyo mwanawe wa Yola ndiye mume wangu. Huu ni mwezi wa saba tangu aondoke, hajarudi.

Akajikokota, akasimama, akaninyooshea mkono wenye karatasi.

"Turudi kabla hawajafunga. Mimi nitafumba macho. Wewe nishike huu mkono, uupeleke unakotaka."

Mwiko ulikuwa bado mkononi mwangu.